Mbiu Ambayo Saratani Nayo Huisikia

Kila dawa mpya ya saratani inapotangazwa, magazeti yetu huandika kwamba "inaua seli za saratani". Kwa dawa kama nivolumab na pembrolizumab, ambazo leo ndizo tegemeo kuu la wagonjwa wenye melanoma (aina ya saratani ya ngozi) iliyosambaa mwilini, maelezo hayo si sahihi. Dawa hizi haziigusi seli ya saratani. Ni kingamwili zilizotengenezwa maabara, nazo hung'ang'ania kipokezi kiitwacho PD-1 kilicho juu ya seli T, askari wa kinga ya mgonjwa mwenyewe, ili kipokezi hicho kisiendelee kuzituliza seli hizo. Dawa ikishakaa hapo, imemaliza kazi yake. Yanayofuata baada ya hapo, ya kheri na ya shari, huamuliwa kwa sehemu kubwa na protini ndogo za ishara ambazo seli za kinga huanza kuzimwaga.

Ndiyo maana naona mjadala wetu kuhusu tiba hizi umeegemea upande mmoja mno. Tunajadili bei, na bei kweli inatisha: huko Marekani dozi moja ya pembrolizumab ya wiki tatu imeorodheshwa kwa zaidi ya dola 10,000. Lakini hata kama kesho tungepewa bure, lingebaki swali ambalo hakuna aliyelijibu kwa niaba yetu. Protini hizo za ishara zitafanya nini ndani ya mwili wa mgonjwa wa Mwanza, Kisumu au Bukavu?

Wengi walizisikia kwa mara ya kwanza wakati wa Korona, madaktari walipotaja "dhoruba ya saitokini". Ni hizo hizo. Saitokini ni protini ambazo seli huzitoa ili kupashana habari: njoo huku, ongezeka, shambulia, tulia. Waswahili husema ikilia mbiu ya mgambo kuna jambo, na sioni picha inayozifaa zaidi saitokini. Sifa ya mbiu ni kwamba haichagui masikio. Aliyeitwa anasikia, jirani asiyehusika anasikia, na mwizi naye anasikia.

Historia ya tiba ya kinga katika melanoma ilianza kwa kujaribu kuipiga mbiu hiyo kwa nguvu zote. Mwaka 1976 watafiti wa Marekani walieleza kitu kinachozifanya seli T zikue nje ya mwili, saitokini ambayo baadaye iliitwa intaleukini-2. Mwishoni mwa 1984 Steven Rosenberg, daktari mpasuaji wa Taasisi ya Taifa ya Saratani kule Bethesda, alimpa dozi kubwa mwanamke mmoja ofisa wa jeshi la wanamaji aliyekuwa na melanoma iliyosambaa. Wagonjwa wengi waliomtangulia hawakuwa wamepata nafuu. Uvimbe wake uliyeyuka. Mwaka 1998 dawa hiyo iliidhinishwa kwa melanoma, kwa kutegemea takwimu za wagonjwa 270: asilimia 16 uvimbe wao ulipungua, na asilimia 6 ulitoweka kabisa.

Asilimia 6 ni wachache, lakini wengi wao walipona moja kwa moja, jambo ambalo kemotherapi ilikuwa nadra sana kulifanya kwa ugonjwa huu. Walichopitia ili wafike huko ni habari nyingine. Intaleukini-2 kwa dozi kubwa hufanya mishipa midogo ya damu ivuje, presha ianguke na mapafu yajae maji, na mgonjwa huhitaji uangalizi wa karibu sawa na wa chumba cha wagonjwa mahututi. Tena ishara hiyohiyo inayozikuza seli za mashambulizi huzikuza pia seli T za kundi la pili, zile ambazo kazi yake ni kutuliza. Kampuni moja ilijaribu kuirekebisha molekuli hiyo ili iziite zaidi seli za mashambulizi, wakaiunganisha na nivolumab, wakaijaribu kwa wagonjwa wa melanoma zaidi ya 700. Matokeo yalitoka mwaka 2022: mchanganyiko huo haukuishinda nivolumab peke yake. Wale wanaodhani kinga ni kitu cha "kuongezwa" tu, kama matangazo ya vidonge vya mitishamba yanavyodai kila siku redioni, wangesoma habari za jaribio hilo.

Njia iliyofaulu ilikuwa kuacha kupiga kelele na badala yake kuondoa kizuizi. Ipilimumab, inayozuia kipokezi cha CTLA-4, breki nyingine ya seli T, iliidhinishwa mwaka 2011. Nivolumab na pembrolizumab zikafuata mwaka 2014, na mwaka 2018 James Allison na Tasuku Honjo wakapewa Tuzo ya Nobeli. Katika jaribio kubwa la wagonjwa 945 wa melanoma iliyosambaa, baada ya miaka kumi walikuwa hai takriban asilimia 43 ya waliopewa nivolumab pamoja na ipilimumab, asilimia 37 ya waliopewa nivolumab pekee na asilimia 19 ya waliopewa ipilimumab pekee. Kabla ya dawa hizi, wagonjwa wengi wa hali hiyo hawakuumaliza mwaka.

Sasa tuingie ndani ya uvimbe. PD-1 ikishazibwa, seli T zilizokuwa zimechoka huanza kutoa saitokini iitwayo intaferoni gama. Seli ya saratani huipokea ishara hiyo kupitia protini mbili ziitwazo JAK1 na JAK2, na mambo kadhaa hutokea kwa pamoja. Inaanza kuonyesha juu ya ngozi yake vipande vya protini zinazomtambulisha adui, hivyo seli T zinaiona vizuri zaidi. Inatoa ishara nyingine, CXCL9 na CXCL10, zinazowavuta wapiganaji wengine kutoka kwenye damu. Baadhi ya seli za saratani huacha kugawanyika. Na wakati huohuo, kwa amri hiyohiyo ya intaferoni gama, seli ya saratani hujipaka PD-L1, protini ile inayokibonyeza kipokezi cha PD-1 na kuizima seli T. Yaani mwizi amesikia mbiu na amefunga mlango.

Hapa ndipo wengi huchanganya, hata wataalamu. Uvimbe uliojaa PD-L1 unaonekana kama uvimbe mkali unaojilinda, na kwa sehemu ni kweli. Lakini katika melanoma mara nyingi PD-L1 ni alama kwamba seli T zimeshafika na vita vimeshaanza. Ndiyo maana uvimbe wa aina hiyo mara nyingi huitikia dawa kuliko ule uliokimya. Mwaka 2016 kundi la Antoni Ribas wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, lilichunguza wagonjwa wanne ambao melanoma yao ilikuwa imeitikia pembrolizumab kisha ikarudi. Mmoja uvimbe wake ulikuwa umepoteza JAK1, mwingine JAK2: saratani ilikuwa imejifanya kiziwi wa intaferoni gama. Wa tatu ulikuwa umepoteza protini nyingine inayohitajika ili seli ijionyeshe kwa seli T. Dawa ilikuwa bado inafanya kazi yake barabara, ila ishara haikuwa na pa kufikia.

Ikiwa ishara ndizo zinazoamua, basi kuzipima kwenye damu kungetuambia nani atapona. Wazo hilo limezaa tafiti nyingi, na wenye nguvu kuliko zote unahusu intaleukini-8. Hii hutolewa na uvimbe wenyewe, nayo huziita seli nyeupe ziitwazo neutrofili, ambazo zikijaa katika uvimbe hubana nafasi ya seli T. Mwaka 2020 uchambuzi wa wagonjwa zaidi ya 1,300 waliokuwa katika majaribio ya saratani za ngozi, mapafu na figo ulionyesha kwamba waliokuwa na intaleukini-8 nyingi kabla ya kuanza tiba waliishi muda mfupi zaidi. Tafiti za awali zilikuwa zimeonyesha pia kwamba ikishuka katika wiki za mwanzo, dalili ni njema. Kipimo cha damu, rahisi, kinachotabiri. Nani asingekitaka?

Mimi nakitaka, lakini nina swali ambalo sijaliona likipewa uzito unaostahili. Juu ya chembe nyekundu za damu za watu wengi duniani kuna protini inayoitwa Duffy. Tunaifahamu kupitia malaria, kwa sababu kimelea aina ya vivax huitumia kuingilia ndani ya chembe, na Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara hawana protini hiyo kwenye chembe zao nyekundu, ndiyo sababu vivax haikujijengea makao kwetu kama falsiparamu ilivyofanya. Kitu kisichosemwa sana ni kwamba Duffy ni kipokezi cha saitokini. Chembe nyekundu zenye Duffy huinasa intaleukini-8 inayozunguka kwenye damu na kuishikilia. Zetu nyingi haziwezi. Isitoshe, watu wasio na Duffy kwenye chembe nyekundu huwa kwa kawaida na neutrofili chache katika damu bila ugonjwa wowote, na uwiano wa neutrofili na limfosaiti, kundi la seli nyeupe zikiwemo seli T, ni kipimo kingine kinachotumiwa kukadiria nani ataitikia tiba ya kinga.

Kwa hiyo kikomo cha "juu" na "chini" kilichopatikana kwa wagonjwa wa Ulaya na Marekani, ambao karibu wote chembe zao zina Duffy, hakiwezi kubebwa hivihivi hadi kwetu. Huenda tofauti ikawa ndogo. Huenda ikabadilisha kila kitu. Hilo hujulikana kwa kupima tu, na kujua kundi la Duffy la mgonjwa ni kazi ya maabara ya damu ya kawaida.

Intaleukini-6 ni rahisi zaidi kuijadili, na hapa nina habari njema. Saitokini hii ikiwa nyingi, ini huamriwa kutengeneza protini ya CRP, na tafiti za wagonjwa wa melanoma wanaopewa dawa hizi zimeonyesha kuwa intaleukini-6 na CRP za juu mwanzoni huenda sambamba na maisha mafupi zaidi. CRP inapimwa katika hospitali nyingi za mikoa yetu. Si lazima tusubiri mashine inayosoma saitokini arobaini kwa mpigo ndipo tuanze kuelewa. Tatizo ni kwamba CRP hupanda kwa malaria, kwa nimonia, kwa jipu. Daktari wa Oslo akiona CRP ya juu kwa mgonjwa wa melanoma huifikiria saratani mapema. Wa Tabora ana orodha ndefu ya kuipitia kwanza.

Kuna upande wa madhara, na huko ishara zinasikika na majirani wasiohusika. Utumbo huvimba na kuharisha damu, ini huvimba, tezi ya shingo huharibika, mapafu huwaka. Kwa wale waliopewa nivolumab na ipilimumab pamoja, zaidi ya nusu walipata madhara makali. Matibabu ya kwanza ni steroidi, dawa za kuituliza kinga, na zikishindwa madaktari huzifuata ishara zenyewe: infliximab huizuia saitokini iitwayo TNF katika utumbo uliovimba, na tocilizumab, ile iliyopata umaarufu wakati wa Korona, huzuia kipokezi cha intaleukini-6. Kinachonivutia ni kwamba kuzuia ishara moja katikati ya tiba si lazima kuue faida ya tiba. Katika panya, kuzuia TNF kumeonekana hata kuiongezea nguvu dawa ya PD-1. Ishara zinazoponya na zinazodhuru hazilingani kabisa, na katika nafasi hiyo ndimo kuna kazi kubwa ya kufanywa.

Lakini hebu tuichukue infliximab hiyo tuipeleke kwetu. Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo zilikuwamo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu (TB). Robo ya watu duniani hukadiriwa kuwa na maambukizi ya TB ambayo hayajawa ugonjwa. Bakteria hao wamezungushiwa ukuta wa seli ndani ya mapafu, na TNF ni mojawapo ya protini zinazoushikilia ukuta huo usimame. Ukimpa mtu infliximab bila kumpima TB, unaweza kuubomoa. Hilo linajulikana kwa zaidi ya miaka ishirini kutoka kwa wagonjwa wa baridi yabisi. Na steroidi zenyewe huufungulia ugonjwa huo mlango.

Lisilojulikana sana ni kwamba hata dawa ya PD-1 yenyewe, kabla ya madhara yoyote, inaweza kuiamsha TB. Mtu angetarajia kinyume: kinga ikiachiwa huru, bakteria wangeshambuliwa vizuri zaidi. Panya waliozaliwa bila PD-1 walipoambukizwa TB walikufa haraka kuliko wenzao. Kwa binadamu wameripotiwa wagonjwa wa saratani waliougua TB baada ya kuanza dawa hizi, na kazi za maabara zimeelekeza kidole kwa TNF iliyozidi. TNF ikipungua ukuta unaanguka, ikizidi tishu inaoza na bakteria wanastawi. PD-1 iliyokuwa inaonekana kama kizuizi cha kinga kumbe ndiyo iliyokuwa inaweka mambo sawa.

Katika majaribio makubwa ya melanoma, yaliyofanyika zaidi Ulaya, Marekani na Australia, jambo hili halikuweza kuonekana kwa sababu waliokuwa na TB iliyolala walikuwa wachache mno. Kwetu lingeonekana mapema sana. Na kuna kitu cha ajabu kidogo hapa: kipimo cha damu cha maambukizi ya TB hufanya kazi kwa kuzichokoza seli T na kupima intaferoni gama ambayo seli hizo huitoa. Ishara ileile tunayoitegemea itibu saratani ndiyo inayotuambia kama tunakaribia kuamsha ugonjwa mwingine. Kipimo hicho kifanywe kabla ya dozi ya kwanza, wala sio baada ya kikohozi.

Tofauti nyingine ni saratani yenyewe. Melanoma nyingi za Wazungu hutokana na jua, na jua huacha mabadiliko mengi ya vinasaba ambayo seli T huyatambua. Kwa Waafrika weusi melanoma hutokea zaidi unyayoni, viganjani na chini ya kucha. Bob Marley alikuwa na hiyo ya chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, iliyogunduliwa mwaka 1977. Alifariki Miami Mei 1981. Aina hii ina mabadiliko machache ya vinasaba, seli T chache ndani ya uvimbe, na huitikia dawa za PD-1 kwa kiwango cha chini. Dawa inaondoa kizuizi kwa wapiganaji ambao hawajafika uwanjani. Mtu anayenukuu asilimia 43 mbele ya mgonjwa wa unyayo anampa ahadi isiyo yake.

Kwa upande mwingine tuna kundi linaloweza kunufaika kuliko linavyotajwa. Watu wenye ualbino nchini Tanzania hupata zaidi saratani ya ngozi ya seli bapa kuliko melanoma, na hiyo ni saratani ya jua hasa, yenye mabadiliko mengi ya vinasaba. Cemiplimab, dawa nyingine ya PD-1, iliidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa saratani ya aina hiyo iliyosambaa baada ya karibu nusu ya wagonjwa kuitikia. Kinga bora bado ni mafuta ya kuzuia jua kama yale ya Kilisun yanayotengenezwa Moshi, pamoja na kofia na kliniki ya kila mara. Ila anayefika Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, akiwa na kidonda kilichokwisha kula nusu ya uso hasaidiwi na kofia.

Narudi kwenye bei, maana najua msomaji ananisubiri hapo. Shirika la Afya Duniani liliiingiza nivolumab kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, kwa ajili ya melanoma iliyosambaa hasa, na orodha haijaleta dawa. Lakini elimu ya ishara inatupa hoja ya kiuchumi pia. Kwa kuwa dawa inakaa tu juu ya PD-1, na vipokezi hivyo hujaa hata kwa dozi ndogo, wingi wa dawa si wingi wa tiba. Madaktari wa Hospitali ya Tata Memorial, Mumbai, walijaribu nivolumab miligramu 20 kila baada ya wiki tatu pamoja na vidonge vya bei nafuu katika jaribio la wagonjwa 151 wa saratani ya kichwa na shingo, wengine wakipewa vidonge pekee. Dozi ya kawaida ni miligramu 240 kila wiki mbili. Baada ya mwaka mmoja walikuwa hai takriban asilimia 16 ya waliopewa vidonge pekee, na asilimia 43 ya walioongezewa nivolumab. Ilikuwa saratani tofauti, na sitadai kuwa melanoma ya unyayo itafanya vilevile. Ila Wahindi hawakungoja kampuni iwafanyie jaribio ambalo kampuni haina sababu ya kulipenda.

Jaribio la namna hiyo kwetu lisingehitaji makuu: dozi ndogo, wagonjwa wa melanoma ya unyayo na wa seli bapa, kipimo cha TB na cha VVU mwanzoni, kundi la Duffy, CRP katika kila hudhurio, na mirija miwili ya damu iliyogandishwa vizuri ili intaleukini-8 na intaferoni gama zipimwe baadaye kwa pamoja. Hospitali kubwa za Nairobi tayari zinatoa dawa hizi kwa wanaoweza kulipa. Kwa kila mgonjwa anayetundikiwa chupa hiyo leo bila damu yake kuwekwa akiba, tunanunua dawa na kulitupa jibu.